Kuchagua Televisheni Bora kwa Fedha za Wastani: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Kigoma

Anayetaka kununua televisheni mjini Kigoma kwa kawaida huanzia madukani, Mwanga au kule karibu na stesheni, akiwa na fedha mfukoni na swali moja tu, nalo ni la bei. Mwongozo huu unamshauri aanzie nyumbani kwake. Televisheni haiwezi kuonyesha kizuri kuliko kile inacholetewa na king'amuzi, antena au bando la intaneti, wala haiwezi kudumu pale ambapo umeme haujaipa nafasi ya kudumu. Mtu akishajua umeme wake ukoje, matangazo anayapata kwa njia gani na sebule yake ina nafasi kiasi gani, sehemu kubwa ya maneno yanayong'aa juu ya maboksi huwa haimhusu tena, na fedha ambayo angeipoteza kwa maneno hayo anaweza kuielekeza kwenye kioo kizuri na ulinzi wa umeme.

Hatua ya kwanza: Uchunguze umeme wako

Kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kabla ya kuanza kuunganishwa na gridi ya Taifa, na wakazi wake wanajua vizuri maana ya umeme kukatika na kurudi. Kinachoua televisheni nyingi si kule kukatika bali ni kurudi, kwa sababu umeme unaporejea volti zinaweza kupanda ghafla kabla ya kutulia. Umeme wetu wa majumbani unatakiwa kuwa wa volti 230. Ikiwa taa zako hufifia jioni majirani wanapowasha pasi na majiko, au hung'aa kupita kiasi usiku wa manane, basi una tatizo la volti, na tatizo hilo litafuata chombo chochote utakachokileta ndani.

Geuza televisheni unayoifikiria usome kibandiko cha nyuma. Iliyoandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240 ina uvumilivu mkubwa zaidi umeme unaposhuka kuliko iliyoandikwa 220 hadi 240. Jambo hili halina gharama ya ziada, na ni wanunuzi wachache sana wanaolitazama. Hapo hapo utaona idadi ya wati. Televisheni ya LED ya inchi 32 kwa kawaida hutumia wati 30 hadi 60, na ya inchi 43 hutumia wati 60 hadi 100 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: chombo cha wati 50 kikiwashwa saa 6 kwa siku kitakula uniti 0.3, yaani uniti 9 za LUKU kwa mwezi wa siku 30. Kwa nyumba inayojitahidi isivuke uniti 75 kwa mwezi ili ibaki kwenye bei ya watumiaji wadogo, uniti 9 si haba, ingawa ni chache kuliko watu wengi wanavyodhani.

Msomaji anayeishi ambako nguzo za TANESCO hazijafika, kama ilivyo katika vijiji kadhaa vya mwambao wa ziwa na vya ndani Uvinza, atafute televisheni yenye tundu la kupokea volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa kuwa kupitisha umeme wa betri kwenye inveta, kifaa kinachougeuza uwe kama wa majumbani, hupoteza sehemu ya umeme huo njiani. Televisheni ndogo ya wati 24 huvuta ampea 2 kwa volti 12. Ukiwa na betri ya ampea-saa 50 na ukakusudia kuitumia nusu tu ili isife mapema, karatasi itakuambia saa 12. Kwa vitendo hesabu pungufu ya hapo, na ukumbuke kwamba king'amuzi nacho kinakula.

Hatua ya pili: Ujue matangazo yatakujia kwa njia ipi

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Kwa hiyo televisheni yenye kipokezi cha analojia pekee, hata iwe na kioo kizuri namna gani, haiwezi kukamata chochote bila king'amuzi. Televisheni mpya nyingi zina alama ya DVB-T2, inayomaanisha kwamba zinaweza kupokea matangazo ya dijitali kwa antena, na baadhi zina alama ya S2, ambayo ni ya dishi. Alama hizo zina manufaa, lakini muuzaji asikuaminishe kwamba zinafuta haja ya king'amuzi: chaneli za kulipia za Azam, DStv au StarTimes zimefungwa, na hufunguka kwa kifaa cha kampuni husika baada ya kulipia kifurushi.

Chunguza pia king'amuzi ulichonacho kinatoa picha kwa waya gani. Vya zamani hutumia nyaya za AV, zile zenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe, ambazo hupitisha picha ya kiwango cha kawaida tu. Vipya hutumia HDMI. Mwenye king'amuzi cha AV anayenunua televisheni isiyo na matundu hayo atajikuta anarudi dukani kutafuta kiunganishi. Matundu mawili ya HDMI ndiyo kiwango cha chini ninachokipendekeza, moja la king'amuzi na jingine la kifaa chochote kitakachokuja baadaye. USB moja inatosha.

Hatua ya tatu: Upime sebule kabla ya kutamani inchi

Inchi zinazotajwa ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, ya 43 sentimita 95, na ya 55 sentimita 122. Ukubwa wa picha hauongezeki kama namba zinavyoonyesha: kutoka 32 hadi 43 eneo la picha linaongezeka kwa karibu asilimia 80. Pima kabati lako, na uangalie miguu ya televisheni imekaa wapi, kwa maana nyingi za sasa zina miguu miwili kwenye ncha zake, na televisheni inayoingia vizuri kwa upana inaweza kukosa pa kukanyaga.

Kwa sebule ya mita tatu kwa tatu, ambapo kochi liko mita mbili kutoka ukutani, inchi 32 inatosha na inchi 43 ndiyo mwisho wa busara. Sababu ni ubora wa matangazo yenyewe. Chaneli ya kiwango cha kawaida ina nukta (vidoa vidogo vinavyounda picha) 720 kwa 576, yaani zaidi kidogo ya nukta laki nne, na unapozitandaza nukta hizo kwenye kioo cha inchi 55 ukiwa umekaa karibu, sura ya msomaji wa habari inaanza kuyeyuka pembeni. Watu huilaumu televisheni kwa kosa la chaneli.

Hatua ya nne: Uigawe fedha kabla ya kutoka nyumbani

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba umejiwekea shilingi 500,000. Usiende dukani kutafuta televisheni ya 500,000. Tenga kwanza fedha ya kifaa cha kulinda umeme, waya wa HDMI ulio imara, breketi kama utaitundika ukutani, na nauli au bodaboda, halafu kinachobaki, tuseme 400,000 hivi, ndicho kiwe dari yako. Muuzaji asiijue dari hiyo.

Hatua ya tano: Uamue nini ulipie na nini ukiache

Ubora wa kioo unatajwa kwa idadi ya nukta. HD ya televisheni nyingi ndogo ni nukta 1366 kwa 768, Full HD ni 1920 kwa 1080, na 4K ni 3840 kwa 2160. Kwa inchi 32 inayotazamwa kutoka mita mbili na kulishwa na king'amuzi, tofauti kati ya HD na Full HD ni ndogo, ingawa kama bei zinakaribiana chukua Full HD. Kwa inchi 43, Full HD ndiyo ninayoiona kuwa chaguo sahihi la mtu wa kipato cha kati. Kulipia 4K kwa ajili ya ving'amuzi vyetu ni kulipia nukta zitakazokaa bila kazi. Jihadhari pia na boksi lililoandikwa kwamba televisheni "inapokea" Full HD: kupokea si kuonyesha, kwa kuwa kioo cha HD kinaweza kuipokea picha kubwa na kuipunguza. Neno la kutafuta kwenye kijitabu ni idadi ya nukta za kioo chenyewe.

HDR, yaani uwezo wa kuonyesha tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ni alama nyingine inayobandikwa kwenye televisheni za bei nafuu. Inahitaji kioo chenye mwanga mkali sana ili ionekane, na mwanga huo haupo kwenye vioo vya bei ya chini. Usiongeze hata shilingi elfu kumi kwa ajili yake.

Suala la televisheni janja (smart TV), zile zinazoingia intaneti zenyewe, linahitaji hesabu zaidi. Kutazama filamu kwa intaneti hutumia takriban GB 1 kwa saa katika kiwango cha kawaida, kama GB 3 katika HD, na kama GB 7 katika 4K. Kwa hiyo mechi ya saa mbili katika HD inaweza kumeza GB 6 za bando la simu. Nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi bila kikomo itafaidi televisheni janja kila siku; nyumba inayoishi kwa bando la wiki itaitumia mara mbili tatu kisha itakirudia king'amuzi. Katika hali hiyo ya pili ni afadhali kununua televisheni ya kawaida yenye kioo bora kuliko televisheni janja yenye kioo hafifu, kwa sababu ujanja unaweza kuongezwa baadaye kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI, ilhali kioo hakiongezwi. Ukiamua kuchukua ya janja, uliza inatumia mfumo gani. Android TV au Google TV zilizoidhinishwa, Tizen ya Samsung, webOS ya LG na VIDAA ya Hisense ni mifumo iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Zipo nyingine ambazo zimewekewa Android ya kawaida bila kibali cha Google, na hizo mara nyingi hukataa baadhi ya programu au huzionyesha kwa ubora wa chini. Kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 1 itakufanya usubiri sana kila unapobonyeza rimoti, GB 1.5 au 2 ni nafuu kubwa.

Kuhusu televisheni za "double glass", zile zenye kioo kigumu cha ziada mbele, mimi nazipendekeza kwa nyumba yenye watoto wadogo. Kioo cha ndani kikipasuka, gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya televisheni nyingine, na mafundi wengi watakuambia ukweli huo bila kuzunguka. Ubaya wake ni uzito, pamoja na mng'ao: kioo hicho huakisi dirisha na taa. Ikiwa televisheni yako itaelekeana na mlango ulio wazi mchana kutwa, fikiri tena.

Hatua ya sita: Uijaribu dukani

Hapa ndipo fedha huokolewa au hupotea, na mnunuzi asione haya kuchukua nusu saa. Nenda na flashi yenye vitu vitano ulivyoviandaa mwenyewe: kipande cha mechi, kipande cha filamu yenye matukio ya usiku, mtu anayezungumza bila muziki, picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu. Nenda pia na futi ya fundi cherehani. Televisheni inayouzwa kuwa ya inchi 32 inatakiwa kuwa na kioo chenye mshazari wa takriban sentimita 80, bila kuhesabu fremu.

Kwanza omba wakutolee ile ile utakayoondoka nayo, si ile iliyowashwa ukutani kama mfano. Ikishawashwa, ingia kwenye mpangilio wa picha. Madukani televisheni huwekwa katika hali ya rangi kali na mwanga wa juu kabisa ili zivute macho ya wapita njia. Irudishe kwenye hali ya kawaida au ya sinema, ndipo utakapoona uso wake halisi. Ngozi za watu zisiwe na wekundu wa nyanya wala ubluu wa maiti.

Weka picha nyeupe. Tafuta nukta zisizobadilika, madoa ya kijivu na pembe zilizofifia. Weka picha nyeusi, uombe taa za duka zizimwe au ufunike macho pembeni kwa viganja, kisha uangalie kama mwanga unavuja kutoka kwenye kingo. Mwanga kidogo ni wa kawaida kwa televisheni za LED, lakini mabaka makubwa meupe yatakusumbua katika kila tukio la usiku. Katika filamu yenye giza, angalia kama unaweza kutofautisha koti jeusi na ukuta mweusi nyuma yake.

Kisha hama ulipo. Simama kushoto, kulia, na uchuchumae kama mtoto aliyekaa kwenye mkeka. Vioo vya aina ya IPS huhifadhi rangi ukitazama kutoka pembeni, ila weusi wake huelekea kuwa wa kijivu. Vya aina ya VA vina weusi mzito lakini hupauka pembeni. Muuzaji huenda asijue ni aina gani, na huna haja ya kumuuliza, kwa kuwa macho yako yatakujibu. Katika nyumba ambayo siku ya Simba na Yanga majirani hujaa mpaka mlangoni, kioo kinachoonekana vizuri kutoka pembeni kina thamani kubwa kuliko weusi mzito. Anayetazama peke yake usiku achague kinyume chake.

Katika kipande cha mechi, fuata mpira unaopigwa juu. Mpira ukiacha mkia mrefu nyuma yake, kioo kinachelewa. Usizingatie namba kubwa za herezi (Hz), yaani mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde, zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu watengenezaji wengine huandika namba za mbwembwe badala ya kasi halisi ya kioo, ambayo kwa televisheni za bei hii huwa ni 50 au 60.

Sauti ijaribiwe kwa yule mtu anayezungumza. Televisheni nyembamba zina spika ndogo zinazotazama chini, na muziki wenye besi huficha udhaifu wao. Ikiwa maneno hayasikiki wazi katika sauti ya nusu, panga kununua sabufa baadaye na uhakikishe televisheni ina tundu la kuitolea sauti. Mwisho, chomeka kitu katika kila tundu, jaribu kila kitufe cha rimoti, na uigonge televisheni taratibu kwa nyuma, picha isitetemeke.

Hatua ya saba: Risiti, waranti na swali la Kariakoo

Dai risiti ya EFD yenye jina la aina ya televisheni na namba yake ya utambulisho, kisha linganisha namba hiyo na iliyo kwenye boksi na kwenye kibandiko cha nyuma. Zote tatu zifanane. Jina maarufu likiwa limebandikwa kwenye televisheni ya bei ya ajabu, washa uangalie menyu ya taarifa za kifaa na nembo inayojitokeza wakati wa kuwaka, kwani bandia nyingi husalitiwa na mfumo wake wa ndani. Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia, na bila risiti huna la kuipelekea.

Kuhusu waranti, swali lenye uzito ni hili: ikiharibika, nani ataibeba? Waranti ya mwaka mmoja ambayo inakutaka uipeleke televisheni Dar es Salaam kwa gharama zako ni dhaifu kuliko ya miezi sita ya duka la Mwanga ambalo fundi wake unamfahamu. Ndiyo maana naona kwamba kuagiza Kariakoo kunalipa pale tu tofauti ya bei inapobaki kubwa baada ya kuondoa usafirishaji, na pale unapokuwa na ndugu wa kuijaribu huko kabla haijafungwa. Reli ya Kati inaishia Kigoma, kwa hiyo mzigo utakuwa umesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kukufikia. Isafirishwe ikiwa imesimama wima ndani ya boksi lake na maboya yake (yale mapovu magumu ya kuikinga), isilazwe, isiwekewe magunia juu, na ifunguliwe mbele ya msafirishaji kabla hujasaini.

Mwenye bajeti finyu zaidi anaweza kutazama zilizotumika. Aepuke plasma, ambazo zinaweza kula wati 200 na zaidi. Mstari uliosimama kwenye picha ni ugonjwa wa kioo, achana nayo. Lakini televisheni yenye sauti na isiyo na picha, ukiimulika kwa tochi ukaona picha hafifu inacheza, mara nyingi imeungua taa za ndani, na fundi wa TV anaweza kuzibadilisha kwa gharama inayobebeka. Iingize gharama hiyo kwenye bei mnayojadiliana.

Hatua ya nane: Siku za mwanzo nyumbani

Chomeka televisheni kwenye kifaa kinachokata umeme volti zinapopanda au kushuka mno na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Mahali ambapo volti ziko chini kila jioni, kifaa hicho kitakuwa kinakata tu. Huko inahitajika stabilaiza, yaani kifaa kinachosawazisha volti, na ya uwezo wa VA 500 (volti-ampea) inatosha televisheni, king'amuzi na sabufa ndogo. Hakuna kati ya vifaa hivyo kinachoaminika mbele ya radi. Msimu wa mvua, wingu likianza kunguruma, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi au antena pia, kwa maana watu wengi huchomoa wa kwanza na kuusahau wa pili.

Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma ili joto litoke, na usizibe matundu kwa kitambaa cha kufumwa, hata kama kinapendeza. Iwashe kwa saa nyingi katika wiki ya kwanza, kila siku, kwa kuwa kasoro za kiwandani hupenda kujitokeza mapema, wakati duka bado linakukumbuka. Boksi na maboya yake vitunze juu ya kabati mpaka waranti iishe, kwa sababu maduka mengine hukataa kuipokea televisheni iliyorudishwa bila boksi lake.